Miguu ya Kibanda cha Elia

Jumapili, 2 Novemba
Nimerudi ibadani. Chai ya tangawizi, nikaenda kuinywa kibandani kama kawaida, baridi au si baridi. Nguzo ya upande wa uzio imecheza nilipoiegemea. Sikupenda.

Mume wangu Elia alikijenga mwaka tuliohamia nyumba hii ya Hyattsville, huku ughaibuni. Alisema kitatuzika. Tumemzika yeye Machi. Kofia yake bado iko kwenye msumari wa boriti, alikoitundika mwenyewe. Siifikii. Sijataka kupanda kiti.

Jumatano, 5 Novemba
Siku ya mapumziko. Nimechokonoa nguzo kwa kisu cha jikoni. Chini, usawa wa udongo, kisu kimezama kama kwenye ndizi iliyochemshwa. Juu kidogo, kimegoma. Zote nne hivyo hivyo.

Nimefukua nikitafuta mchwa. Hakuna hata mmoja.

Hasira. Mwanamume yule hakutaka mbao za dawa. Aliomba oili chafu gereji ya Bladensburg, gari likanuka mwezi mzima, akapaka nguzo, akazifukia, akashindilia udongo kwa miguu. Kama Rombo. Kwao nguzo za baba yake zimesimama tangu yeye mtoto. Akajikinga na mchwa asiyekuwepo.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimempigia Neema, Texas. Nikamweleza mwanangu kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza, ndiyo desturi yetu. "Mom, just take it down. It's not safe."
Eti nikibomoe, si salama. Ni kweli. Nimenuna hata hivyo.

Jumanne, 11 Novemba
Mvua. Leo nimeongea na mtu mmoja tu, mzee ninayemtunza kule Annandale. Hakumbuki jina langu.

Jumamosi, 15 Novemba
Amekuja Papa Celestin, fundi Mkongo tunayesali naye. Amezunguka kibanda akigonga nguzo kwa nyundo, sikio karibu, kama daktari.

"Si mchwa, Maman. Ni maji. Udongo ya huku haikaukake. Huku juu iko muzuri, ni miguu tu ndio ilioza."

Anataka kukata miguu iliyooza na kusimamisha nguzo juu ya zege na vyuma, mti usiguse udongo. Nimemuuliza kitadumu miaka mingapi. Amesema mti huu ukizikwa huku ni michache tu. Ukikaa pakavu, tutautangulia sisi. Asipokata, theluji nzito ya kwanza itakiangusha.

Ila kitapungua urefu. Kiasi cha mkono wangu, ncha za vidole hadi kiwiko.

Nimemwambia nitafikiri. Amenishangaa.

Alhamisi, 20 Novemba
Sijampigia fundi.

Tulipofika nchi hii tulipanga beismenti, chumba cha chini ya nyumba ya watu. Dari chini, mabomba. Elia alikuwa mrefu, miaka yote ile alitembea shingo upande, paji la uso halikosi nundu. Kibanda alikipima kwa kichwa chake mwenyewe. Siku ya kwanza aliingia wima, akatoka, akaingia tena, anacheka peke yake. "Hapa siinami."

Sasa nikikate?

Jumatatu, 24 Novemba
Upepo. Nimesimama dirishani nikikitazama kinayumba, nimeshika sinki kana kwamba ndiyo nguzo. Nikampigia Papa Celestin kabla sijabadili mawazo. Kirefu kikianguka, sitabaki na kitu.

Jumamosi, 29 Novemba
Amekata. Aliegemeza jeki chini ya boriti, msumeno ukaanza. Mimi nikaingia ndani kuosha vyombo visafi. Nimelia sana.

Vipande vinne vimebaki kwenye nyasi. Chini tope jeusi, bado vinanuka oili. Papa Celestin aliuliza avitupe. Nikasema ndiyo. Alipovipakia kwenye gari nikageuka.

Nilikuwa nimempikia mtori wa ndizi na nyama. Alikula mabakuli mawili, akaenda. Sufuria bado imejaa, mpaka leo sijui kupika kwa ajili ya mtu mmoja.

Jumapili, 7 Desemba
Theluji tangu alfajiri. Paa limebeba. Sikwenda ibadani, barabara mbaya.

Nimetoka na chai. Nguzo hazichezi. Kibanda kimekuwa kifupi kweli, kama cha watoto. Elia angeinama kuingia, na angenuna wiki nzima.

Kofia sasa naifikia. Nimeitoa, nimeikung'uta vumbi, nimeirudisha kwenye msumari wake. Nikakaa hadi chai ikaisha.