Kitone Chekundu cha Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amepata. Kopepodi mmoja, kidudu cha baharini, jike, mwenye vifuko viwili vya mayai, kaning'inia kwenye mashavu ya samaki aina ya changu wa kituo cha kaskazini. Kimelea wa aina hiyo tumemzoea kwa kolekole tu. Kwa changu hajawahi kuonekana. Mkuu wa maabara amekichomeka kitone chekundu, alama ya kimelea kwa samaki mpya, kwenye ramani yetu ya vimelea kwa mkono wake mwenyewe, na watu wakapiga makofi.

Kitone kimoja! Vitone vyangu vya buluu, vya vimelea vya kawaida, ni mia mbili na kumi na vinne, vya miaka sita, na sikumbuki kofi hata moja. Yeye ana miezi minane hapa. Nami ndiye niliyemwombea nafasi, kwa kuwa ni mke wa kaka yangu. Hata kushika kibano nilimfundisha mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mama kapiga simu. Kumbe habari zimeshamfikia. Akauliza kama hao wadudu wanaliwa. Kisha akasema mkamwana wake ana jicho kali, nami nijitahidi. Nijitahidi! Nikamwambia simu inakatakata. Haikuwa ikikatakata.

Mchana wifi kanikuta nimeinamia hadubini.

"Wifi, hao wadudu watakuzoea mpaka wakuamkie."

"Afadhali wangu. Wako yuko peke yake, hana hata wa kumjibu salamu."

Tukacheka. Mimi kwa meno tu.

Alhamisi, 6 Machi

Jambo dogo limenijia nikiosha vyombo. Kopepodi huyu hajishikizi sana. Samaki akishakufa, huachia, na maji ya barafu humpeleka kwa samaki wa jirani. Ndiyo maana ya kanuni yetu ya kwanza: kila samaki na mfuko wake. Ikiwa changu yule alilazwa pamoja na kolekole, basi kitone chekundu si ugunduzi — ni uchafu.

Nimefurahi. Neno hilo nimeliandika na silifuti. Lakini najihoji: naliona kosa kwa kuwa lipo, au kwa kuwa nimelitamani?

Jumapili, 9 Machi

Maabara tupu. Nimefungua daftari la safari ya kaskazini. Pembeni mwa ukurasa: "Mifuko imekwisha. Wote sanduku moja."

Mwandiko ni wangu.

Wifi alikuwa na homa siku ile. Samaki niliwapakia mimi, nikasahau. Na sanduku hilohilo limenipa vitone kumi na tisa. Vya buluu. Nyani haoni kundule.

Jumatatu, 10 Machi

Ramani inakwenda kuchapishwa saa nane, na mkuu anangoja saini yangu kwamba nimeihakiki.

Wifi kaingia na vikombe viwili vya chai, kafunga mlango kwa kisigino. Hajatania. Amesema changu yule anamnyima raha: je, nina hakika kila samaki alikuwa na mfuko wake? "Wewe ndiye uliyepakia, wifi. Ukisema ndiyo, mimi natulia."

Hata katika kujitilia shaka — fadhila pekee niliyodhani ni yangu — amenitangulia kuuliza kwa sauti.

Nimemwambia anipe dakika tano, niangalie daftari. Daftari liko mapajani, wazi, ukurasa uleule. Yeye amesimama dirishani, anapuliza chai, wala hageuki kuchungulia. Ananiamini.

Naandika haya ili adhani bado natafuta.