Kumkatiza Mkubwa

Tarehe 9 Machi. Mwaka wa tatu unaingia tangu niondoke.

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, mgongo tu ndio unanilaumu kwa saruji ninayobeba.

Mtihani wa Kijerumani nimeanguka, na bila cheti kibali cha kuishi huku hakiongezwi. Kazini tunaongea kwa vidole, mashine zinameza maneno. Lugha yenyewe naisoma jioni huku nasinzia. Hata hivyo kuandika nilipita. Kilichoniangusha ni kuzungumza. Wanakalisha watu wawili wapange safari, wabishane, halafu wakubaliane. Nilipangwa pamoja na mama mmoja msafishaji wa ofisi, mgeni kama mimi, tunasoma darasa moja. Ni rika lako kabisa. Alianza, akakwama, akawa anatafuta neno. Nami nikangoja amalize, macho chini, kama ulivyonilea. Muda ukaisha bado nangoja. Tumeanguka wote wawili.

Imebaki nafasi moja, mwezi Juni. Nikishindwa, Julai nifungulie mlango.

Mwanao

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, uzee hauna dawa. Habari za mgongo?

Barua yako nimeicheka, kisha nikalia. Marehemu baba yako angesema tulikulea mpaka tukapitiliza. Sasa nisikilize. Wakikukalisha tena na mkubwa, mkatize. Mwambie hapana mbele ya watu. Mimi mama yako nimekuruhusu, na kama ni dhambi iwe yangu.

Mkeo anaulizwa kila aendapo kisimani utarudi lini. Nimemwambia awajibu utarudi ukishiba. Siombi uanguke, mwanangu. Lakini kitanda nimekitandika, nisikudanganye.

Mama yako

Tarehe 28 Juni

Mama,

Shikamoo. Mwili hauna neno, roho ndiyo inayoumwa.

Nimefaulu. Kibali nimepewa cha miaka miwili.

Nilipangwa pamoja na yule yule mama msafishaji. Alifurahi kuniona, akanisogezea kiti. Tulipoanza, akivuta pumzi tu, mimi nimeshaingia. Akasema twende kwa treni, nikamwambia hapana, basi ni bora. Alipokwama sikungoja, nikaendelea na safari yangu peke yangu. Mwisho aliweka mikono mapajani, akawa ananisikiliza tu. Wasahihishaji walikuwa wanatabasamu.

Yeye ameanguka, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Anaondoka mwezi ujao. Nilimfuata kwenye ngazi nimwombe radhi. Maneno ya Kijerumani ninayo sasa, Mama, ila halikutoka hata moja. Akaninyooshea kola ya shati, akasema, "Umesema vizuri, mwanangu."

Nilishindwa kumtazama.

Mwambie mke wangu asinihesabie Julai. Natarajia kurudi Desemba ya mwakani, msimamizi wa kazini akiniachia.

Mwanao