Uzi Niliopaka Chai

Mpendwa Mama Léonie, naomba unisaidie kabla ya Jumapili. Mimi hupiga viola, ala ya nyuzi, ile ya kushikiliwa kwa magoti katika kikundi chetu cha watu watano hapa Poitiers, tunapiga muziki wa enzi za wafalme kwa ala za enzi hizo hizo, na tumewaahidi wasikilizaji nyuzi za utumbo wa kondoo tu, lakini kanisa tunamopigia likijaa watu, utumbo hulegea kwa joto la pumzi, na wangu ulinikatikia hadharani mara mbili, basi mwezi Machi nikafunga kimyakimya uzi mmoja wa plastiki, nikaupaka chai ufanane na mingine. Tangu hapo sauti yangu haiyumbi, na kiongozi wetu, Bi Hortense, ananisifu, kumbe sifa hizo zinammaliza Anselme, aliyenifundisha miaka kumi na moja, anayekaa kando yangu na nyuzi zake halali zinazolegea. Juzi Bi Hortense alimwambia mbele yetu sote, "Mbona za Solène zinatulia? Masikio yako yamechoka, kaka. Jumapili iwe ya mwisho." Anselme akanigeukia akasema taratibu, "Mwanangu, uzi wako wa juu hauimbi kama utumbo." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Ni masikio yako, mwalimu." Sasa anatafuta mtu wa kumuuzia viola yake. Nikisema nitafukuzwa, nisiposema silali. Nifanye nini?

Solène, Poitiers

Solène,

Pole, maana najua aibu ya kukatikiwa na uzi mbele za watu. Pole yangu inaishia hapo. Plastiki ni kosa dogo, ungelikiri mapema mngelicheka wote. Linalonipandisha hasira ni kwamba mzee wa watu alikuuliza kwa upole, nawe ukamtia shaka juu ya masikio yake mwenyewe.

Usingoje Jumapili, wala usimwandikie Anselme barua. Nenda kwake leo, kabla viola haijapata mnunuzi. Kwenye mazoezi ya Alhamisi fungua uzi huo mbele ya Bi Hortense na wenzako, funga wa utumbo, kisha pigeni mpaka nyuzi zenu zote zilegee pamoja. Akikufukuza, chukua viola yako uondoke bila kununa.

Na ukifika kwa Anselme usianze na machozi. Katika kikundi kizima, pamoja na huyo kiongozi wenu, ni mtu mmoja tu aliyeisikia plastiki yako. Mwambie hilo kwanza, ndipo uombe msamaha.