Ile Chupa Niliyoimimina Birikani

Dunda,
Bagamoyo.
Jumatano, 12 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Shadya,

Barua hii inatoka kwa mtu ambaye, bila kujisifu, asipoonekana mjini siku mbili hata soko la samaki halijui lifungue au lifunge. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba. Hujambo huko Dodoma? Kifua kimepoa na vumbi lile? Sisi wazima. Mama yako Hafidha mzima pia, mguu tu ndio unamsumbua asubuhi.

Simu sipigi kwa kuwa mke wangu Tabia husikia mpaka ya ukutani, na jambo hili silitaki lifike jikoni. Bahasha analeta Feisal, kondakta wa basi. Usimwache aondoke bila jibu.

Ni ile chupa uliyoniachia likizo, ile dawa mnayoipika huko chuoni. Uliyonieleza ninayo yote kichwani. Sabuni ya kawaida, kila chembe yake ina kichwa kimoja kinachopenda maji na mkia mmoja unaoyakimbia. Yenu ni pacha: vichwa viwili, mikia miwili, vimeunganishwa kwa kamba fupi pale vichwani. Zinajipanga juu ya maji, mikia hewani, zimebanana kama safu ya kwanza siku ya Idi, na ngozi ya maji inalegea. Ndiyo maana tone lake moja linafanya kazi ya kikombe kizima cha nyingine.

Sasa, tunasafisha msikiti kwa ajili ya Ramadhani, na birika la kutawadhia limeota utelezi wa kijani. Nikasimama mbele ya watu nikasema dawa ninayo, tena ndiyo inayoosha manowari, na mpwa wangu aliitunga baada ya kushauriana nami. Usinikasirikie. Wewe ulisema matone matatu kwa ndoo, ya kusugulia pipa langu tu, kisha maji yamwagwe. Lakini birika ni kubwa, watu wananitazama, na matone matatu hayaonekani. Nikamimina chupa yote. Habari ya kumwaga maji sikuitaja, maana birika lilijazwa kwa ndoo, siku mbili.

Utelezi uling'oka, hilo ulijue. Lakini jana Jumanne wale wadudu wa miguu mirefu wanaoteleza juu ya maji walikuwa wamezama wote. Kufika adhuhuri, wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu wakaelea matumbo juu. Kombo muuza kahawa akaniuliza mbele ya watu kama mjomba wa profesa sasa amefungua udobi.

Mzee Bwanausi, mwadhini wetu, hakucheka. "Msabaha," alisema, "samaki hawa wamo humu tangu hujaota ndevu." Nikamwambia basi wamekufa kwa uzee, nikamwapia kwamba maji hayana neno.

Leo jicho lake la kulia ni jekundu na linatoa machozi. Ndilo lile alilotolewa mtoto wa jicho, na ndilo pekee analoonea. Nimemwambia aende hospitali. Anasema ni vumbi la ufagio, kwani maji nilishamwapia.

Niambie, Shadya, kitu hicho kinapofusha? Jicho lioshwe kwa kitu gani? Na birika tukilimwaga, lisuuzwe mara ngapi?

Msalimie Chausiku unayekaa naye chumbani. Mama yako anakusalimu, na mdogo wako Masoud, na Tabia, ingawa hajui kwamba naandika. Mola akufungulie kila mlango wa elimu, na jicho la mzee wa watu alihifadhi.

Jibu lako sitalingoja. Nikishampa Feisal bahasha hii naenda kwa Bwanausi kumwambia kwamba maji si salama. Akiniuliza nimejuaje, itabidi niseme: tangu jana natawadha nyumbani, kisha nikifika mlangoni mwa msikiti narowesha mikono ya kanzu kwa maji ya kunywa ya chupa, nionekane nimetoka birikani.

Wako akupendaye,
Mjomba Msabaha