Shomari na RAM zake mpya

Kajal shoga yangu, acha unachofanya usome hapa. Bosi wangu Shomari kaniaibisha dukani leo, tena mbele ya mteja!

Si unajua lile boksi letu la RAM, vile vipande vya kumbukumbu vya kompyuta, za aina ya zamani ya DDR4, alilombwagia Mzee Chandu muuza vipuri kwa bei ya kutupa? Nilimwambia, Bongo nzima watu wana kompyuta za zamani. Akanicheka. "Sofia, DDR4 zimekufa, sasa hivi ni DDR5." Zimekufa! Viwanda vimepunguza kuzitengeneza, zimeadimika Kariakoo yote, na bei zake zimezipita hizo DDR5 mpya za Shomari.

Leo kaja Nesi Victoria wa Buguruni na kompyuta ya zahanati, ya kuandikishia wagonjwa. Inataka DDR4. Hatuna hata moja.

Bwana mkubwa kachukua DDR5 akaanza kuisukumiza. Nikamwambia hiyo haiingii. "Itaingia, tulia." Mara KAA! Sloti, pale RAM inapochomekwa, imevunjika. Kaisukumiza kwa dole gumba, Kajal!

Nesi akauliza taratibu, "Fundi, umeivunja?"

Jitu zima likajibu, "Ilikuja mbovu."

ILIKUJA MBOVU!

Nikamwambia Nesi ukweli, nikaibeba kompyuta mpaka kwa Mzee Chandu. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Wewe nakuuzia, Shomari hapana." Akanipa DDR4 na bodi ya mtumba badala ya ile yenye sloti iliyovunjika, nikafunga, ikawaka. Nesi alikaribia kulia kwa furaha.

Nimempigia Shomari kumwambia sirudi tena dukani kwake. Unajua kaniuliza nini?

"Kwani mzee kabakiza DDR4 ngapi?"