Mifupa Iliyozoea Kubebwa

Jumatatu, 2 Machi

Plasta imetolewa leo. Mkono uliovunjika umekonda, unanuka. Nikadhani yameisha — kumbe! Daktari kanigeuzia kompyuta nijionee: mifupa ya nyonga na ya mgongo imepungua nguvu. Nikacheka. Mimi? Mimi ninayezamia konokono wa baharini tangu usichana, hapa kisiwani Jeju nani ananishinda pumzi?

Akasema sababu mojawapo ndiyo hiyo. Majini mwili haulemei, mifupa imezoea kubebwa. Akauliza kuhusu jua. Jua gani? Majini nimevaa mpira mpaka kichwani, nchi kavu nina kofia, barakoa na mikono mirefu. Wote tunavaa hivyo, nani anataka madoa usoni?

Nimechomwa sindano. Nitembee, nipande ngazi, nibebe uzito kidogo kidogo bila kuinama, nile dagaa na miiba yake. Na baharini? "Tutaona." Majabali yanateleza, nikianguka tena ni nyonga. Tutaona! Neno la kumwambia mtoto.

Alhamisi, 5 Machi

Mi-ran kaja kutoka mjini na sufuria kubwa. Supu ya mifupa ya ng'ombe, imechemka mpaka imekuwa nyeupe. Mwanangu huyu, akisikia mfupa anakimbilia supu. Anasema nilale, ninywe, na bahari niisahau kabisa. Nikamwambia daktari kasema supu ni tamu lakini mifupa ya ng'ombe haihamii kwangu. Akanuna. Nimekunywa mabakuli mawili ili asilie.

Ila kulala silali. Nitarudi baharini, nimeapa.

Jumapili, 15 Machi

Nimejifunga mkanda wangu wa kuzamia, ule wenye vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito. Nimebakiza vichache tu, daktari kakubali. Nikazunguka mashamba ya vitunguu, mikono wazi, jua linanipiga.

Dada Chun-ok, mkuu wetu wa wazamiaji, kaniona.

"We Ok-hee! Unazamia vitunguu sasa?"

"Ndiyo, na wewe hupati hata kimoja!"

Wazamiaji aliokuwa nao wakacheka mpaka wakashika ukuta wa shamba. Wacheke. Njiani niliketi mara mbili, lakini nyumbani nilifika.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Magoti yanauma. Dagaa tena. Nimepanda na kushuka ngazi za ghala mpaka paka kanikimbia.

Naogopa. Leo nimeogopa kweli.

Jumamosi, 25 Aprili

Siku ya kuvuna mwani, kijiji kizima. Mwani mbichi ni mzito, maji yanachuruzika mgongoni. Nikamwomba dada Chun-ok aniruhusu kubeba mzigo mpaka juu barabarani.

"Ukivunjika, bintiyo ataniua mimi."

"Nifungie mzigo mdogo. Nikishindwa, sitakuomba bahari tena."

Akavuta kamba. Akanifungia mgongoni mwenyewe, huku anatukana. Wote wakaacha kazi kunitazama.

Nusu ya mteremko nasikia sauti juu: "Mama! Shusha! Shusha sasa hivi!" Mi-ran, na viatu vyake vya ofisini. Nani kamwita? Nikamjibu nikishusha itabidi niiname ili niinue tena, na kuinama ndiko nilikokatazwa. Pisha njia!

Hakupisha. Akashuka kwa hasira, akapita nyuma yangu, akaushika mzigo. Nikasubiri anivute. Sijui alifanya nini — mzigo ukawa mwepesi. Tukapanda hivyo, yeye analia, mimi nahema. Barabarani wakanishusha mzigo. Dada Chun-ok kasema tu kwamba wiki ijayo bahari inafunguliwa kwa msimu wa kuzamia, na anayetaka aje na vifaa vyake. Hakunitazama.

Mi-ran kanifuata mpaka nyumbani, bado kanuna. Kaingia ghalani, katoka na vazi langu la mpira mkononi. Nilipouliza analipeleka wapi, kafunga mlango wa uani. Kama anataka kulichana, nitamtoa mbio mpaka mjini!

Nasikia bomba limefunguliwa. Maji yanatiririka, na anausugua mpira wangu, anausugua kwa nguvu —