Hodi Kwenye Nyumba ya Theluji

Weston, Toronto

Kwa mpwa wangu Shaila, hapo Tanga,

Salamu zikukute unacheka, na kama hucheki, utacheka sasa hivi. Mjomba wako nimejenga nyumba! Ya theluji tupu, huku uwani, kwa mikono hii hii. Matofali nimeyafyatua kwa ile sufuria ya biriani ya shangazi yako. Ukubwa wa nyumba yenyewe, tembo angeingia akageuka.

Majirani wametoka wote. Gaspar, yule Mgoa wa ghorofa ya pili, akanicheka: "Naushad, umeshindwa kodi?"

Nikamwambia, "Ingia uone, lakini kwanza piga hodi." Kwangu haingii mtu bila hodi, hata awe Mzungu. Sasa wamepanga foleni nje wanaita "Hodi! Hodi!" utadhani tuko mitaa ya Ngamiani hapo Tanga. Nikawasha jiko mle ndani niwapikie chai, maana nyumba mpya haikosi moto. Paa likatoboka, kidogo tu, tukanywa chai huku theluji ikitudondokea vikombeni.

Shaila, shangazi yako tangu aniache mumewe huku akaja hapo kwenu, hapokei simu zangu. Aliondoka akisema miaka yote ya Kanada hakuna jirani aliyempigia hodi. Basi msomee barua hii, pale kwenye sufuria uparuke. Mwambie hodi zipo tele. Wageni wananiuliza mama wa nyumba yuko wapi, nami nimewajibu anakuja kabla jua la Machi halijaiyeyusha nyumba hii.

Uongo wangu mwingine ausamehe. Huu aufanye uwe kweli.

Mjomba wako mjenzi,
Naushad